Volti za Katindo, Volti za Munigi

Vuuuuum. Mulio huu ningali nausikia mpaka leo, hata nikiwa nakamua nguo nyumbani na mawazo yangu yako mbali.

Asubuhi yangu ya kwanza kazini nilisimama kwenye mulango wa atelier, karakana ya Papa Deo, kule Katindo, nikausikia: mulio mumoja murefu, mutulivu, kama mama mwenye kuimba akiwa amefunga mudomo ili asiamshe mutoto. Nilifikiri ni nyuki. Nikatafuta muzinga juu ya mabati, nikatafuta nyuma ya mota zilizoungua, nikainama hata chini ya meza. Papa Deo alikuwa anakunywa chai yake. Aliniacha nitafute mpaka chai ikaisha, kiisha akanyoosha kidole kwenye nguzo ya barabarani, mahali transfo ya quartier, ile mashini ya kugawa umeme wa mutaa, ilikuwa inaning'inia.

"Ni yule," akasema. "Anaimba tangu nijenge hapa. Siku atanyamaza, sisi wote tutaenda kulima."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya courant, yaani umeme: nikitafuta asali kwenye transfo.

Ninawaandikia ninyi munaobaki kwenye ile meza, ninyi wadogo zangu wenye kuniuliza kwenye simu, "Dada Neema, sasa tufanye nini?" Sina mvi hata moja, na tayari ninaitwa mustaafu. Munaweza kucheka; mama yangu alicheka wa kwanza. Daktari alisikiliza kifua changu mbele na nyuma, akaniuliza ninavuta nini. Nikamwambia: vernis, ile dawa tunayopaka waya za mota. Akasema basi, ni vernis ao mapafu, nichague kimoja. Nimechagua mapafu, lakini bado ninaota harufu ya vernis, na katika ndoto inanukia vizuri kama mukate.

Juu ya vyeo sitaandika kitu. Atelier ilikuwa na cheo kimoja, na Papa Deo alikuwa amekikalia. Juu ya mushahara pia nitanyamaza. Habari fupi haifai kurefushwa.

Papa Deo munamujua akiwa muzee, lakini mimi nilimukuta bado ana mabega. Ni mutu wa upande wa Bukavu, Mukatoliki wa kweli. Mbele ya kuchomeka kitu chochote, alijipiga alama ya musalaba, kiisha akaangalia kama amevaa viatu vyake vya kaucho. "Mungu anapenda kila mutu," alituambia, "lakini courant inapenda wenye miguu mitupu." Kulikuwa pia Innocent, kijana wa kubobina, yaani wa kuzungusha waya mupya ndani ya mota iliyoungua. Jina lake na mudomo wake havijakutana hata siku moja. Mimi shule niliiachia njiani, nikiwa bado na hamu nayo, na hesabu nilizojua ni za soko. Innocent aliponiona nimefika na daftari tupu mukononi, aliuliza, "Papa, huyu amekuja kubobina ao kuandika barua kwa mchumba?"

"Mwache," Papa Deo akasema. "Mutu mwenye kuota anaona mbali. Shida ni kumufundisha aangalie pia karibu."

Daftari langu halikufanya kazi. Tableau yetu ilikuwa ukuta wenyewe, ule ukuta wa mawe meusi ya volkano. Chaki inashika vizuri juu ya lile jiwe, na ukitaka kufuta, unapiga na kitambaa chenye maji. Somo langu la kwanza liliandikwa pale, kwenye mawe yaliyotoka chini ya dunia yakiwa moto. Nilipenda kufikiri kwamba yanajua joto kuliko sisi.

Papa Deo alinipa balbu ya zamani, ile ya waya mwembamba ndani, na multimètre, kipimo chetu cha umeme. "Pima omu zake."

Omu ndiyo kipimo cha ugumu wa njia, namna kitu kinavyoikataza courant kupita. Nikapima. "Trente-huit, Papa."

"Andika. Sasa soma kwenye kichwa chake."

"Imeandikwa 220 volti, 100 wati."

"Wati ni volti mara ampea. Kama unajua wati na volti, ampea utazitafuta namna gani?"

Nikagawanya 100 kwa 220, nikitoa jasho kama mwenye kubeba maji. Nikapata 0,45.

"Na omu ni volti gawanya kwa ampea. Gawanya."

220 gawanya kwa 0,45: nikapata karibu 489. Nikaangalia ukuta. Huku 38, kule 489, balbu ileile moja.

"Papa, hapa kuna mwongo mumoja."

"Hakuna," akasema. Akaichomeka balbu, ikawaka, uso wake ukawa wa dhahabu. "Ulimupima akiwa amelala. Mutu mwenye kulala na mutu mwenye kutumika hawapimwi sawa. Ukitaka kujua ugumu wa kitu, kipe kazi kwanza. Soma volti zake akiwa kazini, soma ampea zake akiwa kazini, kiisha gawanya. Hapo atakuambia ukweli."

Siku ile nilirudi kwetu Majengo nikiangalia watu njiani na kujiuliza ni nani mwenye kulala na ni nani mwenye kutumika. Nilikanyaga matope mara nyingi.

Somo la chukudu nalo lilikuwa lake. Ninaliandika hapa vizuri maana litarudi mbele. Wasukuma chukudu wanashuka kutoka Munigi na mizigo ya viazi kwenye zile baiskeli za mbao. Urefu wa kilima, alisema Papa Deo, ni volti. Chukudu zenye kupita mbele yako ni ampea. Mawe ya barabarani, yale yanayokwaruza magurudumu, ni omu. Kilima kikiwa kirefu, chukudu zinapita nyingi. Mawe yakizidi, zinapita chache. Na kishindo chote kinachofika chini mujini, hicho ni wati: wingi wa chukudu mara urefu wa kilima walichoshuka. "Ukisahau kanuni," alisema, "nenda usimame barabarani dakika moja. Utaikuta inapita na viazi."

Vyombo vyetu munavijua, lakini hamukujua ujana wao. Ile multimètre yenye mukanda wa buluu ilivunjika mugongo kabla sijafika; mukanda ule ndio mifupa yake. Pensi ya ampea, ile yenye mudomo wa kufunguka, inashika waya mumoja tu, si kamba nzima. Nilipoanza nilishika kamba yote, nikasoma zero, nikatangaza kwamba réchaud, jiko la umeme la mama wa watu, imekufa, na réchaud ilikuwa nyekundu mbele ya macho yangu. Courant yenye kwenda na yenye kurudi zinafutana ukizishika pamoja. Innocent aliita ile zero "ndoa yenye amani".

Halafu kulikuwa na sheria mbili za nyumba. Ya kwanza: kila chombo kinapimwa asubuhi, kinatumika mpaka saa sita, kikikaa vizuri kinaandikwa alama ya chaki na kinaenda. Ya pili: multimètre haipande moto, yaani pikipiki. Kitu kinakuja kwetu, sisi hatuendi kwa kitu. Papa Deo alikuwa amepoteza kipimo kimoja zamani kwenye moto ya kukodi, barabara ya mawe ikakitikisa mpaka kikapoteza akili. Hatukuuliza zaidi. Sheria hizo zilikuwa nzuri, na miaka mingi zilitutosha. Nilitengeneza pasi za wanakwaya, réchaud, mota za kusaga mihogo, na kila kitu nilikitazama nikifikiria mikono inayokingoja. Innocent alisema ninaongea na pasi. Ni kweli, lakini kwa sauti ndogo.

Kazi iliyonifundisha kuliko zote ilikuja karibu na mwisho, na ililetwa na Mama Sifa.

Mama Sifa ni mama wa milima ya Masisi. Kule alikuwa na ng'ombe. Vita ilimushusha na watoto wake na sufuria mbili, akafikia Munigi, akajenga nyumba ya mbao juu ya mawe. Mwanamume wa jumuiya yao, fundi wa mbao, alimutengenezea couveuse, sanduku la kuangulia mayai, lenye kioo kidogo mbele. Sisi tuliweka ndani waya wa joto na thermostat, kile kidude kinachokata courant joto likitosha na kuiwasha tena likipungua. Waya ulikuwa wa omu 220. Kwa volti 220 unapitisha ampea moja kamili, na moja mara 220 ni wati 220. Nilipenda ile hesabu, ilikuwa safi kama sahani. Tukapima asubuhi, saa sita kipimajoto kilikuwa palepale. Alama ya chaki. Mama Sifa akabeba sanduku lake akiimba.

Kiisha akarudi nalo, haimbi tena. Mayai yalikuwa yamekufa. Alikuwa ameyapasua ili ajue, akakuta vifaranga vimeanza kuota manyoya na vikasimama njiani.

Papa Deo alipima tena, asubuhi mpaka saa sita. Alimuonyesha. "Mama, angalia mwenyewe. Sanduku hili ni muzima kuliko mimi. Pengine ni mayai."

"Pengine jogoo wa yule muuzaji ni padiri," Innocent akasema.

Mama Sifa alicheka kidogo, kwa heshima, akabadilisha muuzaji wa mayai. Tukasahau. Mimi sikusahau, lakini nilinyamaza, maana kipimo kilisema sawa, na mimi ni nani mbele ya kipimo?

Safari ya tatu alikuja kwa miguu, mikono mitupu. Alisimama kwenye mulango na kitenge kimejaa vumbi. Papa Deo akamuuliza sanduku liko wapi.

"Siwezi kulileta, Papa. Mayai yako ndani. Nimeyaangalia na tochi. Kuna mishipa, mishipa myekundu, kama mito ukiwa juu ya mulima. Yako hai." Akakaa kwenye gurudumu la mota bila kukaribishwa. "Lakini nikiweka mukono jioni, kioo kiko baridi. Asubuhi kiko na joto. Jioni baridi. Niko nayaona yanakufa tena, Papa."

"Asubuhi iko na joto?"

"Asubuhi iko sawa kabisa."

"Basi mashini ni muzima," Papa Deo akasema, lakini pole, kama mutu asiyependa maneno yake mwenyewe.

"Majirani wananicheka. Wananiuliza, kuku gani huyu anaomba courant? Wanasema, sanduku la mbao haliwezi kuwa mama." Akajifuta uso. "Ng'ombe wangu akifa nilijua sababu. Hawa wanakufa bila kuniambia kitu. Mayai haya ndiyo ya mwisho. Sina mengine, na sina nguvu ya mengine. Yakikufa, sanduku linaingia jikoni, nalipikia maharagi, kiisha nakwenda kubeba magunia ya makala ya kupikia barabarani kama wengine. Nilitaka tu mutu mumoja aje aone."

 Innocent aliinamia waya zake.

"Papa," nikasema, "nipe multimètre."

"Neema. Unajua sheria."

"Nitaibeba kwenye mugongo, kama mutoto."

Papa Deo aliangalia ukuta kwa muda murefu, kana kwamba jibu liliandikwa pale na mutu akalifuta. Kiisha akatoa koti lake, akaifunga multimètre ndani, na pensi ya ampea pia, akanifunga mugongoni mwenyewe na kitenge cha Mama Sifa. "Na moto iende polepole," akamwambia Mama Sifa, si mimi. "Huyu akianza kuota njiani, mufinye."

Basi nilipanda Munigi nikiwa mama wa multimètre. Watu walichungulia mugongo wangu kuona uso wa mutoto.

Nyumba ya Mama Sifa iko mwisho wa laini. Waya unatoka barabarani, unapita nyumba kwa nyumba, umeungwa hapa na umeungwa kule, mpaka unafika kwake umechoka. Nilipofika jua lilikuwa bado juu. Nikapima kwenye prise yake, tundu la umeme la ukutani: 208. Si mbaya. Kioo kilikuwa na joto. Mama Sifa alinipa chai ya maziwa, tukakaa tukiangalia namba kama watu wanaoangalia sinema.

Kiisha saa ya kupika ikafika. Hakuna aliyepiga kengele, lakini munajua ile saa: mutoto anaitwa, kitunguu kinalia kwenye mafuta, na nyumba moja baada ya nyingine inawasha réchaud. Nikaona namba zinashuka. 201. 190. 176. Zilishuka pole, bila kelele, kama wasichana wanaoshuka ziwani kuteka maji. Zikafika 154, zikakaa.

Nikashika waya mumoja, mumoja tu, na pensi. Ampea 0,7. Nikapiga simu kwa Papa Deo.

"Papa, niko nasoma cent cinquante-quatre."

"Soma tena."

"Cent cinquante-quatre, Papa. Na ampea ni zero virgule sept."

Nikasikia chaki inagonga jiwe. "Gawanya 154 kwa 0,7."

"220. Ni omu zilezile. Waya ni muzima."

"Waya ni muzima," akasema pole. "Sasa zidisha. 154 mara 0,7."

Nilizidisha kwenye kiganja changu na kalamu. Niliona jibu, nikafikiri nimekosea, nikazidisha tena. "108, Papa. Karibu 108. Tulimupa wati 220, na jioni anabaki na 108. Haifiki hata nusu! Lakini volti hazikupungua nusu..."

"Kilima, Neema. Kumbuka kilima."

Nikafunga macho, nikaiona barabara. Kilima kimepungua: chukudu zinazopita zimekuwa chache, hiyo ni hasara ya kwanza. Na kila moja inayopita imeshuka kilima kifupi, inafika na kishindo kidogo, hiyo ni hasara ya pili. Hasara inazidisha hasara. Thermostat ilikuwa imewasha bila kukata tangu saa ya kupika, inafanya yote inayoweza, na joto halipandi.

"Sisi tuko chini ya transfo," Papa Deo akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tunapima asubuhi, watu hawajapika, na transfo iko kichwani petu. Katindo tunakula nyama ya courant, na kule wanakula mufupa. Miaka yote hii tunaandika alama ya chaki kwa volti zetu, si kwa volti zao." Kiisha akacheka, kicheko cha mutu aliyetafuta miwani akiwa ameivaa. "Muambie Mama Sifa hakuna mutu amelogwa. Ni mimi tu ninakaa karibu na nguzo."

Nilimwambia. Alipiga mikono pamoja, akauliza swali la pekee lenye maana: "Na leo jioni mayai yanakula nini?"

Leo jioni hatukuwa na waya. Tulikuwa na maji ya moto. Mama Sifa alitia sufuria juu ya makala, tukajaza bidoni, tukaziweka kandokando ya sanduku, tukafunika na blanketi zote za nyumba, tukiacha nafasi ndogo ya hewa. Jirani alichungulia, yule mwenye ulimi mukali.

"Mama Sifa, sasa unamuogesha?"

"Niko namufunika. Leta blanketi yako ama uende."

Akaenda. Kiisha akarudi na blanketi, na bidoni, na wanawake wawili nyuma yake. "Kama ni mama wa mbao," akasema, "basi amezaa Munigi, na Munigi hatuachi mama peke yake." Walibadilisha maji mpaka réchaud zikazimwa na kipimo changu kikapanda tena. Nilirudi nyumbani na moto ya mwisho, nimebeba mutoto wangu wa mukanda wa buluu, juu yangu wingu la volkano ni jekundu kwa chini kama réchaud kubwa ambayo hakuna mutu analipia courant yake.

Asubuhi niliingia atelier na wazo langu likiwa tayari. "Tukate waya nusu, Papa. Omu zitakuwa 110, ampea zitapanda mara mbili, joto litarudi."

"Hesabu ni nzuri," Papa Deo akasema. "Sasa usiku, watu wamelala, volti zinarudi 220. Waya wako wa nusu utapitisha ampea ngapi?"

"Mbili."

"Na ulizaliwa kubeba ngapi?"

"Moja."

"Mutu wa muzigo mumoja, umukate miguu, umuongeze muzigo wa pili. Atakuwa mwekundu, na sanduku ni la mbao." Akachora ukutani waya mbili kandokando, kama barabara mbili zinazoshuka kilima kimoja. "Usikate. Ongeza ndugu yake. Kila mumoja abebe ampea yake moja, asizidishe. Jioni, wakiwa na volti kidogo, wanasaidiana. Usiku, volti zikirudi, joto linafika upesi na thermostat inawapumzisha. Na angalia kama thermostat inavumilia ampea mbili. Ile tuliyoweka inavumilia."

Wadogo zangu, kama mutasahau yote niliyoandika, mushike hili: ndugu wawili kandokando ni bora kuliko mumoja aliyekatwa.

Innocent alizungusha waya wa pili bila mzaha hata mumoja, nikaogopa kwamba ni mugonjwa. Alipomaliza nikaupima: 220. Akaninyooshea akisema, "Muambie ndugu yake, huyu nimemufanya na kiuno kizuri zaidi." Basi alikuwa muzima.

Nilipanda tena Munigi. Sanduku lilifunguka muda mufupi tu, Mama Sifa akishika blanketi juu ya mayai kama mutu anayezuia mvua, huku mikono yangu ikifunga waya mupya. Jioni tukakaa tena mbele ya namba. Zikashuka. 153. Pensi ikasoma ampea 1,4. Nilizidisha kwa kichwa: wati 214. Kipimajoto kilitikisika kidogo, kikapanda, kikasimama mahali pake, na thermostat ikafanya jambo ambalo haikuwahi kufanya katika nyumba ile saa ya kupika: ikakata, tik, kama mutu anayesema imetosha. Mama Sifa aliweka shavu lake kwenye kioo. 

Tangu siku ile atelier ina maswali mawili ambayo munayauliza kila asubuhi bila kujua yalikotoka: "Unakaa wapi?" na "Unatumia kitu hiki saa ngapi?" Multimètre imejifunza kupanda moto. Papa Deo aliishonea mufuko na mikono yake, mushono mubaya sana, musimwambie mutu.

Kifua changu kilikuwa kimeanza kuuma wakati ule, na karatasi ya daktari ilikuwa njiani. Lakini kabla haijafika simu ililia, saa ya jioni. Ilikuwa Mama Sifa, ananong'ona kama mutu aliye kanisani.

"Neema, kuja. Yameanza kugonga."

Nilifika réchaud za Munigi zikiwa zimewaka zote. Sikupima. Nilijua volti ziko wapi. Nyuma ya kioo yai moja lilikuwa limepasuka mukanda muzima, na kando yake kifaranga kilikuwa kimelala kimelowa, kibaya, kizuri, kinapumua na mwili wote. Mayai mengine yalitikisika. Moja lilikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu mudomo ulikuwa unafanya kazi, unapumzika, unafanya tena. Mama Sifa aliangalia, akaangalia tena, kiisha akashika kichwa na mikono miwili.

"Lazima waone," akasema. "Wote waone. Kaa nao!" Akatoka mbio bila viatu, nikamusikia nje anaita majirani kwa majina yao, mumoja mumoja, anaanza na yule wa ulimi mukali.

Nilibaki peke yangu ndani ya chumba. Ule mudomo kwenye tundu ulikuwa umesimama. Nikangoja. Ukasogea kidogo, ukasimama tena. Juu ya kichwa changu, kwenye ubao, ilikuwa inawaka taa moja ndogo ya wati tano.

Nilijua hesabu. Wati tano, kwenye laini inayopikia Munigi muzima, ni tone katika Kivu. Ukiziondoa, sanduku halipati hata volti moja. Papa Deo angenicheka, na Innocent angecheka mpaka Krismasi.

Nikasimama kwenye ncha za vidole, nikaizima.